Rangi Nyeusi ya Mkaza Mjomba

Watu wa rika langu wakizungumza mambo ya Diani ya zamani, hawakosi kusema kwamba karakana ya mjomba wangu ilikua kwa baraka. Mimi huinamisha macho. Baraka gani? Ilikua kwa akili ya mwanamke mmoja na roho mbaya ya wanaume wawili, na mmoja wa hao wawili ni mimi. Mwanamke mwenyewe alikuwa mke wa mjomba, mkaza mjomba wangu. Amekwisha kutangulia mbele ya haki, kwa hiyo sasa hakuna wa kuaibika ila mimi. Basi na niaibike.

Mjomba alikuwa fundi bomba katika nyumba ya mzungu mmoja pale Diani. Juu ya paa la yule mzungu kulikuwa na sanduku pana, bapa, lenye kioo juu na mabomba ndani, na lilikuwa likipasha moto maji ya kuoga kwa jua tupu, bila kuni, bila mafuta ya taa. Mwaka wa bendera ya uhuru ulipofika, mzungu akafunga virago. Akamwambia mjomba alishushe lile sanduku lipakiwe. Mjomba akalishusha, akalipasua, akachora kila kiungo chake kwa mkaa kwenye ukuta wa stoo, kisha akaenda uso umemshuka akasema limevunjika. Mzungu akamwambia achukue vipande. Hivyo ndivyo tulivyoanza, kwa uongo, na sijui kwa nini nilitarajia tutaendelea kwa kitu kingine.

Karakana ya kwanza ilikuwa kibanda cha makuti Kombani, nyuma ya soko. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimejifunza kulehemu kwa kutengeneza koroboi na mabirika. Mjomba alinichukua kwa sababu ni mwana wa dada yake. Kwetu sisi Wadigo, siku zile, mali ya mwanamume iliangaliwa na mpwa, yaani mtoto wa dada, hata kama masheikh walikuwa wakituambia kila Ijumaa kwamba mirathi ya Kiislamu haiendi hivyo. Mama yangu alinipeleka mwenyewe, akaniambia njiani, "Fanya kazi kama yako, maana ni yako."

Tulitengeneza sanduku la mbao, tukalijaza makumbi ya nazi yashike joto, tukalaza bati, juu ya bati tukalehemu mabomba ya shaba, tukapaka rangi nyeusi, tukafunika kwa kioo. Tangi likakaa juu zaidi. Maji yakipata moto hupanda yenyewe, ya baridi hushuka, hakuna pampu wala mtu wa kusukuma. Watu wa Kombani walikuwa wakija kutia kidole na kukitoa mbio. Lo, tulivyojiona!

Kilichotushinda ni rangi. Kila rangi ya dukani tuliyoijaribu ilivimba baada ya wiki mbili, ikafanya malengelenge, ikabanduka. Bati likibaki jeupe, jua linarudi lilikotoka na maji yanabaki vuguvugu. Mjomba alinunua mikebe kutoka Mombasa mpaka akachoka, akatukana kila mwenye duka, mwishowe akatutukana sisi.

Mkaza mjomba alikuwa mtu wa Vanga, binti wa fundi wa kuunda vyombo vya baharini. Siku moja aliacha chungu jikoni, akaja karakanani na kopo, akasema, "Hebu jaribuni hii." Ilikuwa mafuta ya maini ya papa, yale ambayo vyombo hupakwa visioze, ameyapika pamoja na sandarusi iliyosagwa, ule utomvu mgumu wanaouchimba kule ndani, akatia masizi aliyoyakwangua kwenye matako ya sufuria zake. Ilikuwa nyeusi mpaka inakufanya uisogelee. Tulipaka bati moja, tukaliacha juani. Wiki mbili, mwezi, miezi mitatu. Haikuvimba wala haikubanduka. Mjomba aliikwangua kwa kucha, ikakataa.

Mkaza mjomba alinifundisha kupaka, lakini kupika alipika mwenyewe, nyuma ya jiko lake. Na tangu siku ya kwanza aliniambia, wala hakuniambia mara moja: "Ukishapaka usifunike kioo. Liache bati juani mpaka inzi waache kutua. Inzi akitua, ndani bado mbichi. Ni mwezi mzima, mwanangu, na wakati mwingine unazidi. Baba yangu alikuwa hamruhusu mtu kushusha chombo majini kabla ya hapo." Nilisema, "Nimesikia, mkaza mjomba." Na kweli nilikuwa nimesikia.

Kampuni ikaanza kupanda. Mjomba hakusoma hata darasa moja, lakini kuuza alikujua. Sanduku la kwanza alimfungia bure daktari mmoja Msambweni, kwa sababu, alisema, daktari huendewa na watu wote wenye pesa, na kila mmoja atanawa mikono pale. Ndivyo ilivyokuwa. Viungo vya mabomba alivipinda kwa namna yake, makusudi, ili sanduku likiharibika lisitengenezwe na mtu mwingine yeyote. Kulikuwa na fundi mzee wa mabati Ukunda aliyejaribu kutuiga. Mjomba aliwahi kununua shaba yote iliyokuwa madukani, akaifungia stoo, akamwacha mzee wa watu anagonga ndoo mpaka akaacha kazi.

Hoteli zilipoanza kuota ufukweni, zilikuwa zikipashia maji kwa matangi ya kuni, na kuni zililetwa na wanawake kutoka bara, wengine wakitembea kutoka upande wa Kikoneni na mizigo vichwani. Tulipofunga masanduku yetu kwenye hoteli ndogo ya kwanza, wanawake walikuja asubuhi kama kawaida yao, wakaukuta mlango wa nyuma umefungwa. Mjomba alikuwa juu ya paa. Akawaelekeza jua kwa kidole, akawaambia, "Mwenzenu huyo hapo, kaja mapema kuliko nyinyi, na hajalipwa." Tulicheka mpaka nyundo zikatuponyoka. Mmoja wao alitua mzigo palepale akaukalia. Nikamwona mjinga.

Tulihamia Ukunda, banda la mabati, mafundi wanane. Na jinsi kampuni ilivyozidi kukua ndivyo mjomba alivyozidi kumchoka mkewe. Walikuwa na miaka kumi bila mtoto. Kila mkewe alipoleta rangi, mjomba alikuwa akimwambia mbele ya mafundi, "Haya masanduku yangu yanazaa maji moto kila siku. Wewe unazaa nini? Masizi?" Mafundi walicheka kwa kuwa ndiye anayewalipa. Mimi nilicheka kwa kuwa nilidhani ndio uanaume. Yeye aliweka kopo chini, akalifuta mdomo kwa kanga yake, akarudi jikoni. Kwao Vanga baba na mama walikuwa wamekufa na nyumba imeanguka. Hakuwa na pengine pa kwenda, na mjomba alilijua hilo kama anavyojua mfuko wake.

Ndipo ikaja habari ya karatasi. Ili kupata kazi ya hoteli kubwa ilibidi kampuni iandikishwe, na karani kule Mombasa alitaka majina mawili ya wenyewe. La kwanza la mjomba. La pili likaachwa wazi. Mkaza mjomba, ambaye sikuwahi kumsikia akiomba hata ukanda wa kanga, aliomba. Alisema nikiwapo, "Bwana, mimi sitaki pesa. Liandike jina langu tu hapo, nijue nina pa kusimama. Leo uko nami, kesho ni ya Mungu." Mjomba akajibu, "Nitafikiri." Hakumtukana, na hilo ndilo lililoniogopesha. Nilikwenda kwa mama kumweleza. Mama akapiga kofi paja lake: "Ebo! Mke ni nguo, leo unavaa kesho unavua. Mpwa ni damu. Ukilikosa jina hilo usirudi hapa."

Kwa hiyo kitu kilikuwa kimoja, na sisi tulikuwa wawili: nafasi moja wazi kwenye karatasi, mkaza mjomba akiitaka ili apate mahali pa kulaza kichwa chake, na mimi nikiitaka kwa sababu niliambiwa ni yangu.

Hoteli kubwa ikatuita. Masanduku arobaini, juu ya vyumba vya wageni na juu ya baraza ya kulia, yawe yamekwisha kabla ya wageni wa Krismasi. Hatukuwahi hata kuota arobaini. Mkaza mjomba alipika rangi siku kumi mfululizo mpaka macho yakawa mekundu. Mimi nilipaka. Zilipobaki wiki mbili mabati yalikuwa yamepangwa uwanjani na inzi wamejaa juu yake. Nilimwendea mjomba, nikamwambia wazi, "Mkaza mjomba anasema tungoje, bado mbichi." Mjomba hata hakunitazama. "Mkaza mjomba wako anazungumza habari za vyombo. Chombo hakina wageni wa Krismasi. Funika kioo, pandisha."

Nikafunika. Nikapandisha.

Sasa niwaambie upumbavu wetu, na ni upumbavu ambao ungetokea kwa watu wa pwani tu. Tuliyafunga masanduku arobaini kwa siku sita. Tulikaa juu ya paa tangu asubuhi mpaka alasiri, jua linayachoma, na hakuna hata mmoja wetu aliyesikia harufu. Tumezaliwa na papa akianikwa, tumelelewa na papa akichemka, ng'onda iko kwenye sahani na mafuta ya papa yako kwenye vyombo. Kwetu ile haikuwa harufu, ilikuwa hewa. Tulikabidhi kazi, tukala biriani.

Wageni walifika Jumamosi. Jumatatu karani wa hoteli, kijana wa kutoka bara, alikuja kwa baiskeli, leso puani hata huku kwetu. "Mzee, kuja haraka," akamwambia mjomba. "Hii mambo yenu imeharibika kabisa. Wazungu wanatapika." Tulikwenda. Ndani ya kila sanduku mafuta mabichi yalikuwa yakichemka, yametoa moshi, vioo vimefanya ukungu wa kahawia, maji hayapati moto hata ya kunawia, na baraza nzima ya kulia inanuka kama samaki aliyefia kwenye mtumbwi. Inzi, usiseme. Meneja alikuwa mwekundu. Hakupiga kelele. Alisema, na karani akatufasiria, kwamba masanduku yashuke siku ileile, na kwamba kama hayakurudi yakiwa mazima kabla ya msimu wa pili, kazi itapewa kampuni ya Nairobi. Kisha akauliza aliyefanya kosa ni nani, maana anataka kujua kama mtu huyo bado yumo kazini.

Watu wa Ukunda walikwisha kupata la kusema. Tulipita na mikokoteni, wanawake wakajifunika pua kwa mtandio na kusema, "La kuvunda halina ubani." Mjomba alitembea mbele, shingo imesimama. Nilimjua. Alikuwa anatafuta wa kumtwisha.

Siku ya pili asubuhi alituita uwanjani, mafundi wote wanane, na karani wa hoteli alikuwapo apeleke jibu. Akamwita mkewe. Alikuja na mikono ina unga, amekatizwa kukanda. Mjomba akamuuliza kwa upole kabisa, "Mama, rangi ni yako. Mbona hukutuambia kwamba inataka kungojewa?"

Akasema, "Niliwaambia. Nilimwambia mpwa wako, tena si mara moja. Muulize, huyo hapo."

Mjomba akanigeukia. Alikuwa amevaa koti lake la kwendea Mombasa, na ile karatasi imekunjwa katika mfuko wa juu, ncha yake inaonekana. Alijua. Nilimwambia kwa kinywa changu mwenyewe, yeye ndiye aliyesema funika. Na bado akaniuliza, macho kwa macho, sauti tamu, "Ati mwanangu, alikuambia?"

Ningeweza kusema ndiyo. Mara nyingi watu husema walilazimishwa, mimi sikulazimishwa. Hakuna aliyenishika mkono wala koo. Niliitazama ile ncha ya karatasi, nikasema, "Hakuniambia, mjomba."

Mkaza mjomba alinitazama. Nilingoja anilaani, na wallahi ningeshukuru. Alichofanya ni kuanza kuondoa unga vidoleni, kidole kimoja baada ya kimoja, polepole, kama mtu ambaye kazi yake imekwisha.

Mjomba akampa talaka palepale, tatu kwa pamoja, mbele ya mafundi na mbele ya mtu wa kutoka bara ambaye hakujua atazame wapi. Fundi mmoja mtu mzima alijaribu kusema, "Bwana, basi akae eda yake humu, ndiyo sheria." Mjomba akamjibu, "Eda atakaa kwao." Kwao! Kwenye magofu! Akamgeukia karani: "Mwambie bwana wako aliyekosea hayumo tena kazini." Alasiri alimpandisha juu ya lori lililokuwa likienda Vanga kupakia boriti. Alipewa sanduku lake la nguo. Sufuria zake zilibaki, kwa sababu, mjomba alisema, masizi yake ni mali ya kampuni. Mimi ndiye niliyempandishia sanduku. Nilisema, "Kwaheri, mkaza mjomba." Akasema, "Mimi si mkaza mjomba wako tena. Tafuta jina jingine." Barabara ya Vanga ilikuwa mbovu, na alikaa nyuma juu ya gurudumu la akiba.

Wiki hiyohiyo jina langu liliandikwa. Mama alichinja jogoo.

Halafu tukajaribu kupika rangi. Ya kwanza iliungua. Ya pili iliganda kama lami kwenye sufuria, ikabidi tuivunje kwa patasi. Ya tatu ilishika moto ikatuunguzia ukuta wa makuti wa jiko. Tulizidisha sandarusi, tukapunguza, tukaloweka, wapi! Miezi minne ikapita, msimu wa pili unakaribia, masanduku arobaini yamelala uwanjani yamekwanguliwa meupe. Mjomba alikonda. Siku moja akaniita, akanipa kilo mbili za sukari na kanga doti moja. "Nenda Vanga," akasema. "Mwambie nimemsamehe. Mwambie akufundishe."

Nilimkuta kwenye mikoko, chini ya chombo kilichoinamishwa ubavu, anaziba nyufa kwa pamba na mafuta pamoja na wanaume. Walimlipa samaki. Alikuwa akilala katika stoo ya nyavu ya mtu mwingine. Amekuwa mweusi, amepungua, na kidole kimoja cha mkono wa kulia kimevimba. Nikasema, "Shikamoo." Akasema, "Marahaba," kwa sababu alikuwa mtu wa adabu. Nikatoa sukari, kanga, na ule ujumbe wa msamaha. Sijui nilipata wapi mdomo wa kuusema. Alicheka, kicheko cha kweli, akawaita wanaume waje wasikie: "Jamani, nimesamehewa!" Nao wakacheka. Nikasimama pale na sukari yangu.

Nilidhani atanifukuza. Akaniuliza tu, "Huko Ukunda wanasemaje juu ya ile rangi?" Nikamwambia ukweli, kwamba wanaiita uvundo. Hapo ndipo uso wake ulipobadilika. Matusi ya mumewe hayakuubadilisha, uongo wangu haukuubadilisha, lile neno liliubadilisha. "Rangi ya baba yangu," akasema. "Vua shati. Njoo hapa."

Alinifundisha siku tatu. Moto wa kiasi gani, sandarusi iingie lini, povu likifanya nini uondoe, tone likivutwa kati ya vidole liwe uzi wa urefu gani. Nilipokosea alimwaga yote akaanza upya, kwa mafuta aliyoyapata kwa jasho lake. Siku ya nne nilipika peke yangu, akatia kidole, akavuta uzi. Kisha akasema, "Imekuwa. Sasa nenda kamwambie mjomba wako kwamba sikukuambia."

Nilimwomba radhi. Alikuwa amekwisha kurudi chini ya chombo.

Nilirudi Ukunda na kopo limejaa. Mjomba alikuwa uwanjani na mafundi. Akachovya kijiti, akakigeuza juani, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Krismasi. "Kwa hiyo amekufundisha," akasema. Mafundi wote wakanitazama, na yule mtu mzima aliyetaja eda akaacha patasi. Njia nzima nilikuwa nimeapa nitamtaja. Nilikuwa nimeyapanga maneno.

Nikasema, "Alikataa. Hii nimeigundua mwenyewe."

Mjomba alijua, na mafundi walijua. Alicheka mpaka akakohoa, akanishika bega mbele yao wote, akasema, "Sasa wewe ni mpwa wangu kweli." Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi.